Jozi

Gocha amenunua nusu ng'ombe,
amefunua mtungi wa divai uliolala ardhini tangu Oktoba,
na simu yake ni fupi:
"Otia. Jumamosi. Usinitoroke tena."

Nilikwenda.
Nilikwenda kwa sababu dada yangu angeninunia hadi Pasaka,
na kwa sababu mwaka jana nilisingizia tumbo,
mwaka juzi nilisingizia jino,
na mwili wa mtu una viungo vichache vya kusingizia.

Watu arobaini mezani, viwiko vikigombana.
Jibini juu ya samaki, samaki juu ya mkate,
sahani imepanda sahani
kama mapaa ya Kutaisi yanavyopandiana mlimani.
Anasimama tamada, bwana wa vikombe, kitambi mbele:
kwa amani, tunywe;
kwa waliotutangulia, tunywe;
kwa ambao hawajazaliwa, tunywe
(nao, wajanja, wamechelewa makusudi).

Simchukii hata mmoja pale.
Naomba hili lieleweke.
Nipe yeyote kati yao, peke yake,
kwenye benchi la stesheni, mvua ikinyesha,
nitamsikiliza mpaka treni ya mwisho iondoke bila sisi.
Lakini wakiwa arobaini wananivurugikia
kama redio iliyokwama kati ya mawimbi mawili:
sauti nasikia, neno sisikii.

"Otia! Otia naye aseme!"
Na pembe ya fahali, imejaa pomoni, ikanifikia.
Maisha yangu yote natafuta pembe ya chumba,
leo nimepewa pembe ya divai.
Na pembe haina kitako, jamani.
Huwezi kuitua. Ukishaishika, umeshikwa.

Nikasimama. Arobaini wakanyamaza,
na ule ukimya wao ulikuwa na kelele kuliko kelele.
Nikasema: "Kwa... kwa anayeosha vyombo."
Wakacheka, wakapiga meza, wakadhani ni mzaha.
Nikaimaliza yote, macho yakilia,
nikaenda kumtafuta niliyemnywea.

Alikuwa Mzevinar, binamu wa Gocha,
mikono ya sweta imekunjwa hadi kwenye viwiko,
povu kwenye nyusi.
Hakuniuliza habari za kazi. Hakuniuliza kwa nini sijaoa.
Alisema, "Kitambaa kiko pale kwenye msumari."

Tulikausha glasi sitini na mbili.
Katika muda huo aliniambia mambo manne:
goti lake, mwanawe aliye Poland,
bei ya gesi,
la nne limenitoka; nakumbuka tu
kwamba lilichukua glasi tisa kufika mwisho
na hakuna aliyelisukuma.

Siku hizi Alhamisi hupanda ngazi zangu na mfuko wa jozi.
Nyundo moja, jiwe moja, gazeti la zamani sakafuni.
Tunabangua.
Maganda mabichi yanatupaka weusi wa vidole
usiotoka kwa sabuni wala kwa chumvi,
na Ijumaa ofisini wananiuliza nimegusa nini.
Mara tunaongea, mara nyundo inaongea.
Asiponijibu najua hajakasirika, anatafuta kokwa.

Vazha wa ghorofa ya chini alikuja kulalamika kelele,
akaona, akashuka,
akarudi na nyundo yake.

Umewahi kuitazama jozi kwa ndani?
Nusu mbili zimelala nyumba moja,
katikati ukuta mwembamba kama ngozi ya kitunguu.
Wapangaji wawili, wamekunjamana kila mmoja kivyake,
wala hakuna anayempigia mwenzake ukuta.

Gocha kapiga simu tena. Jumamosi, ubatizo wa mjukuu.
Nimemwambia nitakuja.
Saa tano usiku, kupitia mlango wa jikoni,
sahani zikishachafuka.